Karakana Yangu, Kura Yao

Jumanne, 21 Februari

Theluji inchi nne, mvua juu yake, halafu baridi ikaigandisha yote. Wateja wawili. Barua imekuja kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti: wanaomba karakana tarehe 16 Mei, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa ajili ya mchujo, kura ya vyama kuteua wagombea wao. Malipo dola mia moja, kama kawaida. Nijibu kabla ya mwisho wa Machi. Nimeiweka chini ya kopo la boliti.

Jumatano, 22 Februari

Barafu. Sikufungua.

Ijumaa, 24 Februari

Nimeitoa barua chini ya kopo nikaisoma tena. Mwaka huu ni wa ishirini. Miaka kumi na tisa nimesukuma mashine za kukata nyasi ukutani, nimefagia vumbi la chuma, nimemwaga mchanga kwenye barafu ili bibi za watu wasianguke, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya benchi langu kutazama majirani wakipiga kura ndani ya jengo nililolijenga mimi. Mchujo ukija, mimi sipigi.

Sina chama. Nilipojiandikisha nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina jiwe moja la kunolea na mkopo wa benki. Mwenye msumeno mbovu anaweza kuwa Mrepublican au Mdemokrat, nami nilikuwa nawataka wote wawili. Nikaacha sehemu ya chama wazi. Na hapa Pennsylvania asiye na chama hachagui mgombea wa chama chochote. Analipia tu.

Kata yetu huwa haina Mdemokrat anayejisumbua kugombea udiwani. Atakayeshinda mchujo wa Republican mwezi wa Mei atasimama peke yake Novemba. Kwa hiyo siku ambayo diwani anachaguliwa hasa, mimi ndiye mwenye ufunguo wa mlango, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa.

Jumatatu, 27 Februari

Nimepiga simu kaunti kuuliza mchujo uliopita uligharimu kiasi gani. Nimepelekwa kwa watu watatu. Wa tatu alikuwa Bwana Neff, sauti ya kijana mwenye mafua. Akasema dola 412,000, kwa karatasi, mashine, wafanyakazi, kukodi majengo, vyote. Nikauliza walipiga watu wangapi. 13,700. Hiyo ni dola thelathini kwa kila kura. Nikauliza viwanja vinavyolipa kodi ni vingapi. Akasema, "Bi. Bartosh, unaandika kitu?" Nikamwambia naandika shajara. Akanitajia: elfu thelathini na nane.

Sehemu yangu ni dola kumi na senti themanini na nne.

Alhamisi, 2 Machi

Denny Krick kaja na msumeno wake wa injini uliojaa mafuta mabaya. Denny anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, ni Mdemokrat wa kurithi, kazi yake baada ya kustaafu ni kuchokoza watu. Nikampa hesabu yangu.

"Dola kumi," akasema.

"Na senti themanini na nne."

"Na wao wanakulipa mia kwa karakana. Leona, hiyo ni faida ya themanini na tisa. Ningekuwa wewe ningeomba mchujo kila wiki."

"Mia ni pango la jengo. Kumi ni pesa iliyotoka mfukoni mwangu bila mimi kuulizwa."

"Kila kodi hutoka bila kuulizwa. Uliulizwa kuhusu ule mnara wa maji?"

"Maji yale nayanywa."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia mtu akichukua dola kumi kwenye droo yangu siulizi kwanza kama ana shughuli nzuri ya kuzifanyia. Vyama ni klabu. Klabu ya uwindaji ya kule Dunmeyer inachagua mwenyekiti wake kila mwaka kwenye chumba chake, kwa kahawa yake, na hakuna anayemtumia mlipakodi bili.

"Jiunge basi na klabu moja," Denny akasema. "Ni bure. Unaweka alama kwenye kisanduku."

"Kama ni bure mbona mimi nalipa?"

Akaacha msumeno akaenda zake. Kabureta, dola 38.

Ijumaa, 10 Machi

Ijumaa za Kwaresima akina mama wa kanisani wanauza pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Nimenunua dazeni moja, nikala sita kwa mkono nimesimama dirishani. Nyingine sita zitakuwa za kesho.

Arlene Wertz alikuwa kwenye meza ya kupokea pesa. Ndiye msimamizi wa kituo chetu, ndiye aliyekuwa akikaa karakanani kwangu kila uchaguzi tangu siku ya kwanza, saa kumi na nne mfululizo, mto wake mwekundu kitini. Ana miaka sabini na minne na ni Mrepublican kama wengine walivyo na macho ya bluu. Nikamwuliza kama haoni kasoro, serikali kulipia klabu yake.

"Babu yangu alikuwa anatusimulia," akasema huku akihesabu chenji. "Kabla serikali haijaingia, mchujo ulifanyika nyuma ya baa. Aliyenunua bia ndiye aliyeleta karatasi, ndiye aliyezihesabu. Unataka turudi huko, mpenzi? Anayelipia ndiye mwenye kuhesabu. Afadhali alipe kila mtu."

"Kila mtu alipe, basi kila mtu aingie."

"Halafu upande wa pili waje watuchagulie mgombea dhaifu?"

"Mimi sina upande wa pili, Arlene. Sina hata wa kwanza."

Watu watatu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akanipa chenji. "Mlango uko wazi kwa yeyote," akasema. "Ni wewe unayetaka kuingia bila kusema jina la nyumba."

Nimelifikiria hilo njia nzima. Linaniudhi.

Jumatatu, 13 Machi

Mkutano wa kata. Wananchi sita, mimi mmoja wao. Kila mwananchi ana dakika tatu. Nikasoma namba zangu: 412,000, thelathini kwa kura, kwenye kituo chetu watu tisini na wanne hawana chama, na wote wanalipa. Nilitumia dakika mbili na sekunde arobaini. Diwani Moyer, anayetetea kiti chake, akasema asante Leona, hilo ni suala la bunge la jimbo. Tina Shellhammer, anayetaka kiti hicho hicho, aliandika kitu kwenye daftari. Shellhammer ndiye anayesema barabara yetu ya Stumpf Hill iondolewe theluji mapema kama ile ya bondeni. Ningekuwa na kura ningempa.

Kisha wakajadili mifereji kwa saa nzima.

Jumanne, 14 Machi

Upepo. Umeme ulikatika saa nne.

Jumapili, 19 Machi

Simu haijalia tangu Alhamisi isipokuwa mtu wa bima.

Jumanne, 28 Machi

Nimejibu barua. Nimeandika: Karakana haitapatikana tarehe 16 Mei. Novemba, siku kila raia anapopiga, itapatikana bila malipo yoyote. Vyama vinakaribishwa kukodi jengo langu kwa pesa zao, kwa bei ya soko. Nikaweka sahihi. Nimeipeleka mwenyewe posta ili nisibadili mawazo, maana barua kwenye sanduku langu hukaa hadi siku mbili kabla haijachukuliwa, na siku mbili ni nyingi.

Ijumaa, 31 Machi

Bwana Neff kapiga simu.

"Bi. Bartosh, hatuna jengo lingine pale mlimani lenye choo na njia ya kiti cha magurudumu."

"Najua. Njia ile niliijenga mimi."

"Itabidi tuwapeleke watu wako ukumbi wa zimamoto wa Dunmeyer. Ni maili kumi na moja."

"Si watu wangu," nikasema. "Ni wa vyama."

Akapiga chafya. Akasema atatuma mtu kubandika tangazo mlangoni. Sheria inataka hivyo.

Jumamosi, 1 Aprili

Msimu wa uvuvi umefunguliwa leo. Wanaume wote wako mtoni, mabega kwa mabega, ndoana zikiwanasa kofia. Sijapata mteja hata mmoja. Nimenoa visu vya mashine zangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Aprili

Arlene kaja. Hakuleta kitu cha kutengenezwa. Alisimama mlangoni na koti lake la mvua, maji yakimdondoka kwenye saruji.

"Nimeambiwa na Neff," akasema. "Mtoto mwenye mafua ananiambia mimi kuhusu Leona."

"Nilikuwa nitakupigia."

"Lini?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimepanga kumpigia.

"Nakaa kwenye kona ile tangu ulipoipaka rangi ya kwanza," akasema. "Unanifukuza kwa barua."

"Sikukufukuza wewe. Nimekataa chama."

"Chama hakijawahi kuja hapa, Leona. Ninakuja mimi."

Nikamwambia kuhusu dola thelathini kwa kura. Akanisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenikatiza. Akasema huenda yeye anakubaliana nami kwa nusu ya hayo, au mimi naye, lakini hayo yote yalikuwa maneno ya kusema tukiwa tumekaa, saa nane mchana, wakati hakuna mpiga kura na kahawa ipo. "Siku ile ndiyo tuliyokuwa nayo sisi wawili," akasema, akaondoka.

Nilikausha sakafu. Nikahesabu: mara mbili kwa mwaka, saa kumi na nne kila mara, miaka kumi na tisa. Saa 532. Sidhani kama nimekaa na mtu mwingine yeyote saa nyingi hivyo tangu mama yangu afe.

Ijumaa, 7 Aprili

Ijumaa Kuu. Sikwenda kununua pierogi.

Jumanne, 18 Aprili

Nyasi zimeanza. Mashine kumi na moja kwa siku moja, na kila mtu anaitaka kesho. Mvua tangu saa sita. Watu wanaingia, wanaacha mashine, wanazungumzia hali ya hewa. Hakuna aliyetaja uchaguzi. Nilitegemea matusi kidogo. Nilikuwa nimeyaandalia majibu.

Jumatatu, 24 Aprili

Mashine tisa.

Jumatatu, 1 Mei

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha au kubadili chama kabla ya mchujo. Denny kaja saa nane na fomu mbili, moja ya kila chama, kaziweka kwenye benchi kama mtu anayekuonyesha pipi.

"Chagua. Sitamwambia mtu."

"Kila mtu ataliona kwenye daftari la wapiga kura. Ni la wazi."

"Basi chagua Republican, umpigie yule Shellhammer wako, kesho yake ujitoe. Mke wa binamu yangu hufanya hivyo kila mwaka. Anabadilika kama taa za barabarani."

"Na kwenye fomu nasaini kwamba mimi ni mwanachama."

"Kwa wiki mbili tu."

"Nikikuuzia plagi iliyotumika nikakuambia ni mpya kwa wiki mbili tu?"

Akakuna kidevu. "Unajua shida yako, Leona? Hukosei. Mtu asiyekosea hakaliki naye."

Alisema kwa utani. Akaziacha fomu. Ofisi ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Saa kumi na nusu nilikuwa bado nazitazama. Saa kumi na moja nikazitumia kuwashia jiko.

Jumatano, 10 Mei

Tangazo la njano limebandikwa mlangoni: KITUO HIKI KIMEHAMIA UKUMBI WA ZIMAMOTO, DUNMEYER. Gundi yao itaondoka na rangi yangu.

Jumanne, 16 Mei

Niliamka saa kumi na moja alfajiri bila saa ya kuamsha. Miguu ilikuwa imeshafika karakanani kabla kichwa hakijakumbuka. Nikainua mlango mkubwa, nikafagia. Kisha nikaushusha, kwa sababu ukiwa wazi watu wangedhani kituo bado kiko hapa.

Mvua nyepesi, ya ukungu. Nilikaa dirishani na penseli.

Gari la kwanza saa moja kamili asubuhi: Bi. Hauser na mumewe. Walisoma tangazo bila kushuka. Wiper zikapita mara tano. Ukikata kulia unaelekea Dunmeyer, ukikata kushoto unarudi mlimani nyumbani. Walikata kushoto.

Nikaanza kuandika safu mbili, kulia na kushoto.

Mpaka saa nne, magari kumi na tisa. Kulia saba, kushoto kumi na mbili. Hakuna aliyegonga. Wawili walinipungia mkono, nami nikawapungia. Mmoja, kijana wa akina Lesh, aliteremka, akasoma kwa kidole, akapiga picha tangazo kwa simu yake, akarudi garini na kukaa dakika moja nzima kabla ya kwenda kushoto. Nilijikuta namsemesha mle ndani peke yangu: kulia, we mtoto, kulia.

Mimi ndiye niliyetaka mchujo wao uwagharimu. Sasa ulikuwa unawagharimu, na nilikuwa nahesabu kama mtu anayehesabu matone ya damu.

Saa nne na robo alitokea mzee Harlan Rupp, kwa miguu. Ana miaka themanini na minane. Gari walimnyang'anya wanawe miaka mitatu iliyopita, na kura ya posta hataki kwa sababu mtu wa posta ni shemeji yake na hawasemezani. Huwa anatembea robo tatu ya maili, fimbo mkono mmoja, mwingine umeshika uzio. Alifika, akatazama tangazo, akavua miwani akaipangusa, akalitazama tena. Kisha akageuka kuelekea kulia na kuanza kutembea.

Nilimkimbilia bila koti.

"Mzee Rupp, ni maili kumi na moja."

"Nimeona."

"Unakwenda wapi sasa?"

"Dunmeyer."

Nikaleta pikapu. Ilinichukua muda kumpandisha. Tulikwenda maili tano. Kisha akasema, "Ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nikaanza na 412,000. Akainua mkono.

"Hapana. Kwa maneno machache. Sisikii vizuri."

"Nalipia na siingii," nikasema.

Akaifikiria hiyo mpaka darajani. "Hilo si haki," akasema. Alikuwa mtu wa kwanza. Miezi mitatu, na alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Nilibana usukani.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Mimi nimepiga kura tangu miaka ya sitini. Moja ikinipita sitakufa. Niambie jina, nikuwekee."

Shellhammer. Lilikuwa limekaa mdomoni. Barabara yetu, theluji yetu, mzee mwenyewe ameanguka mara mbili kwenye barafu ile. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Nilikuwa na kura mkononi kwa mara ya kwanza kwenye mchujo, nimeletewa mpaka ndani ya gari langu, na ilikuwa ya mtu mwingine.

"Weka yako, mzee," nikasema.

"Una hakika?"

"Endelea kabla sijabadilika."

Ukumbi wa zimamoto unanuka matairi. Vituo viwili, meza mbili. Meza yetu imesukumwa pembeni, chini ya mabomba, na Arlene nyuma yake kwenye kiti cha kukunja, bila mto. Nilimpeleka mzee mpaka mezani. Arlene akafungua daftari.

"Jina?"

"Unalijua jina langu, Arlene."

"Lazima nikuulize, Harlan."

Kijana wa meza ya pili akaniuliza mimi, "Na wewe, mama? Jina?"

Arlene hakuinua macho. "Amemleta mzee," akasema. "Hapigi kura."

Ilikuwa kweli. Nikaenda kusimama nje chini ya ukingo wa paa na madereva wa zimamoto.

Njiani kurudi nikamwuliza mzee, kama anaweza kusema, alimpigia nani. "Moyer," akasema. "Baba yake aliniazima trekta mwaka sabini na moja."

Nikacheka. Yeye hakujua kwa nini, lakini akacheka pia. Nilimshusha kwake saa saba. Kutoka saa saba hadi saa mbili usiku magari kumi na manane zaidi. Kulia manane, kushoto kumi. Jumla thelathini na saba: kumi na tano, ishirini na mbili. Na hao ni waliokuja mpaka mlangoni. Yale yaliyofika nikiwa barabarani na mzee siyajui.

Alhamisi, 18 Mei

Matokeo yametoka. Kata nzima: Moyer 317, Shellhammer 308. Tofauti tisa.

Kituo chetu: mchujo uliopita walipiga watu 143. Juzi 88. Wamepungua hamsini na watano. Nimetazama waliopiga: hapa mlimani wanaomtaka Shellhammer ni wawili kwa kila mmoja anayemtaka Moyer, kwa ajili ya barabara. Nimefanya hesabu kwa kalamu, kisha kwa mashine, kisha kwa kichwa nikiwa kitandani. Watoe Wademokrat, watoe wagonjwa, watoe wavivu. Ile tofauti ya tisa inapatikana. Inapatikana kwa kila njia niliyojaribu.

Kwa hiyo nimemchagua diwani. Mimi, nisiye na kura, kwa mlango.

Ijumaa, 19 Mei

Denny alipita, akasimamisha gari, akashusha kioo. Nikangoja utani. Akasema, "Shellhammer amesikitika." Akapandisha kioo.

Jumapili, 28 Mei

Nimepaka rangi mlango pale gundi ilipoing'oa.

Jumatano, 7 Juni

Hesabu yangu kuhusu fedha bado ni ile ile. Nimeipitia nikitafuta kosa, ningefurahi kulipata. Dola kumi na senti themanini na nne zimechukuliwa na mimi sikuingia, na hilo si haki, mzee Rupp kalisema. Lakini nilipeleka bili mahali pasipo na mtu. Chama hakikuenda maili kumi na moja. Waliotakiwa kwenda ni akina Hauser, na hawakwenda.

Jumatatu, 12 Juni

Ofisi imetuma fomu ya majengo ya mwaka ujao. Novemba ndiyo. Kwenye Aprili, mchujo wa mwakani, kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Nikaandika ndiyo, na chini yake, kwa herufi kubwa, nikaandika kwamba napinga, na kwamba nitawaandikia wabunge wa jimbo kila mwezi hadi vyama vilipe vyenyewe au niruhusiwe mimi. Kisha nikampigia Arlene. Aliitika mlio wa saba.

"Sijabadili mawazo," nikasema.

"Sikukuuliza."

"Lakini karakana iko wazi. Novemba na Aprili."

Nikamsikia akivuta kiti. "Vizuri," akasema. "Watafurahi mlimani."

"Kona yako ipo. Nimeisafisha."

"Leona, nimerudisha daftari na funguo. Tangu wiki iliyopita. Mgongo wangu hauwezi tena, kile kiti cha Dunmeyer kiliumaliza. Wanakuletea mwanamke wa kule bondeni, nasikia ni mzuri."

Nje mtu alikuwa anajaribu mashine niliyomtengenezea. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Nilimwacha aende bila kulipa, atarudi.

"Basi hutakuja kabisa?"

"Nitakuja. Kupiga kura."

"Kwa kawaida inakuchukua muda gani?"

"Mimi? Najua pa kuweka alama. Dakika nne."

Mara mbili kwa mwaka, dakika nne, badala ya saa kumi na nne. Nikamwambia sawa, nitakuwepo.